Ng'ombe wa Kichwa Chini

Wateja wa bucha ile walikuwa wa aina mbili: wanaohudumiwa na mwenye bucha, nao huondoka mapema, na wanaohudumiwa na binti yake. Jina halisi la binti lilibaki kwenye vyeti. Mtaani aliitwa Kwanini, na ukisimama naye dakika mbili huhitaji maelezo.

Mwombe maini nusu kilo, atalinyanyua ini kwenye mwanga, aligeuze na kuligeuza kama mtu aliyeshikishwa noti bandia.

"Mama, hebu ona hii nyongo ilivyojaa. Ya jana ilikuwa nusu yake. Unadhani huyu alikuwa anakula nini?"

"Mimi nafikiria wanangu watakula nini," mama mteja akamjibu. "Pima, mwanangu, jua linapanda."

Baba yake alikuwa mtu wa maneno machache na visu vingi. Sheria yake ilikuwa moja: binti haingii uani kabla mnyama hajatundikwa. "Ukishazoeana naye akiwa anakutazama," alisema, "utamuuza kwa machozi. Na machozi hayapimwi kilo."

Basi tangu ana miaka tisa hadi sasa ishirini na moja, Kwanini alikuwa akifika nyuma ya duka asubuhi na kumkuta ng'ombe ameshaning'inia kwenye ndoano kwa miguu ya nyuma, kichwa chini, tumbo limemwelekea yeye. Kazi yake ilikuwa kutoa vya ndani, na alivijua hata ukimfunga kitambaa machoni. Maini, mkono wake wa kulia. Tumbo kubwa, mkono wa kushoto, na bandama limeganda juu yake kama stempu kwenye bahasha. Hakuna kilichompita, isipokuwa jambo moja lililomkosesha raha kila siku: vitu vyote hivi, jana yake, vilikuwa vinafanya nini?

Swali hilo ndilo lililomfanya aombe chuo, udaktari wa mifugo. Mwaka uliotangulia alikataliwa bila hata kuitwa. Mwaka huu baba, ambaye magoti yalishaanza kumgomea, alimwambia bila ukali, "Omba tena, sikukatazi. Wakikukataa, mchora vibao anakuja kuandika jina lako juu ya mlango. Mimi nimechoka kusimama."

Kibao kilishapakwa rangi nyeupe, kikaegemezwa ukutani. Kila Kwanini akipita na ndoo, kile cheupe kilimtolea macho.

Akaenda kwa jamaa wa fotokopi, aliyekuwa akiwajazia vijana wa mtaa mzima fomu za chuo kwenye kompyuta yake. Barua za kujieleza alikuwa nazo tayari, kama mashati ya mtumba: chagua, vaa, nenda.

"Mifugo... mifugo... hii hapa," alisema. "'Tangu utotoni nimekuwa nikiwapenda sana wanyama.'"

"Futa."

"Dada, hii imeingiza watu kumi na mmoja!"

"Kaka, mimi tangu utotoni nawatoa matumbo. Huo utakuwa upendo gani?"

"Sasa ndiyo niandike hivyo?"

"Andika hivyo hivyo."

Jamaa akaandika kwa vidole viwili, kwa uso wa mtu anayeshuhudia ajali: *Tangu nina miaka tisa nafungua wanyama waliokwisha kufa. Naomba nifundishwe wanavyofanya kazi kabla hawajafa.* Kisha akasukuma kiti nyuma. "Ukiitwa na polisi badala ya chuo, mimi na wewe hatujuani."

Aliitwa na chuo.

Usaili ulifanyika uani, nyuma ya maabara, mwombaji mmoja mmoja. Palikuwa na Profesa, mama mfupi aliyevaa gauni zuri na buti za mpira. Msaidizi wake wa miwani, mwenye kalamu na karatasi ya alama. Na ng'ombe mwekundu aliyefungwa nguzoni, anatafuna bila haraka, kama karani anayejua foleni haina pa kwenda.

Ng'ombe akainua kichwa, akamtazama Kwanini uso kwa uso. Kwanini akaduwaa. Miaka kumi na miwili ya kazi, na hakuwahi kutazamwa na ng'ombe. Ana kope ndefu hivi!

"Tuanze na jepesi," alisema Profesa. "Tumbo kubwa liko upande gani?"

"Huku." Mkono wa kushoto ulinyooka wenyewe, kama mtu anayemwonyesha mgeni jiko la nyumbani kwao.

"Una uhakika?"

"Profesa, nimelitoa mara zisizo na idadi."

Mwenye miwani aliandika kitu kifupi sana. Kwa kawaida sifa huwa na maneno mengi. Kifupi vile kilikuwa mkasi, ile alama ya kosa. Kwanini akakiona akilini kile kibao cheupe na mchora vibao akikoroga rangi.

Ng'ombe akasogea nusu hatua, ubavu wa upande wa pili ukajitokeza. Pale nyuma ya mbavu palikuwa na bonde, na lile bonde lilikuwa likipanda polepole, likitulia, likishuka, kama mtu anayejigeuza chini ya blanketi. Kwanini akasahau alama. Kwa nini kunatikisika kule, wakati tumbo liko huku?

"Samahani," alisema. "Naomba nimwangalie vizuri."

Akamgeuzia ng'ombe mgongo, akatanua miguu, akainama ndani ya suruali yake mpya iliyonyooshwa kwa pasi mpaka kichwa kikatokea katikati ya magoti. Kalamu ya mwenye miwani ikaanguka. Huko chini, ng'ombe alikuwa miguu juu, kichwa chini, mtu anayefahamika kabisa. Kwanini akanyoosha tena mkono wa kushoto. Safari hii uliangukia upande ule ule unaopanda na kushuka.

Akainuka, damu imemjaa usoni. "Nimekosea. Ni ule upande mwingine. Kwetu ng'ombe huwa kichwa chini."

"Wote?"

"Wote, Profesa. Kwetu wote wamekufa. Ndiyo maana nimekuja."

Profesa hakucheka. Alimshika mkono, akauweka kwenye lile bonde. "Sukuma kidogo. Usiondoe."

Palikuwa na joto. Kisha, kutoka ndani kabisa, kitu kikaja kikamsukuma kiganja, kikarudi.

"Linatembea!" Kwanini alipiga kelele. "Kumbe linatembea! Mara ngapi kwa dakika? Na akilala? Akiumwa linasimama? Likisimama, anajua?"

"Tuna waombaji wengine," alikumbusha mwenye miwani.

"Wanangoja," alisema Profesa, na akaanza kumjibu, swali baada ya swali, hadi mlango wa maabara ukagongwa mara tatu.

Kwanini alirudi nyumbani bila kujua kama amefaulu au amechekesha tu. Lakini usiku ule alimwomba baba jambo moja: kuingia uani asubuhi, mnyama akiwa amesimama. Baba akamtupia ufunguo wa geti. Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kazi, alisimama ubavuni kwa ng'ombe, kiganja kimetulia, macho kwenye saa.

Hapo ndipo ujumbe wa chuo ulipomkuta. Simu ilikuwa mfukoni mwa aproni iliyotundikwa, baba akaitoa, akaisogeza mbali na macho, akasoma kwa kukwamakwama kama mtoto wa darasa la kwanza: "Tunafurahi... kukujulisha... umechaguliwa..." Akaishusha simu. "Wewe! Umesikia?"

"Nimesikia, baba. Subiri kidogo. Bado nusu dakika, nahesabu."

Baba akairudisha simu kwenye aproni. Kisha akachechemea hadi kwa ng'ombe, akakipangusa kiganja kwenye suruali, akakiweka karibu na cha binti yake. Wakangoja wote wawili. Kitu kikaja kutoka ndani, kikawasukuma, kikarudi.

Mzee alikuwa amechinja ng'ombe maisha yake yote.

"Sasa hili," aliuliza kwa sauti ya chini, "linapanda kwa nini?"