Kinu cha Sombe na Katoni ya Lukamba

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Wamaza, Papa Assani, muganga mukubwa wa santre ya afya, alinishika kidole akanichoma mwenyewe.

"Sasa unajua namna inauma, mama. Usimuchome mutoto wa mutu kama unashona gunia."

Nilikuwa nimesoma miaka mitatu tu. Walinichagua kuwa relè, yaani mutu wa kijiji anayepima malaria na kutoa dawa kwa walio mbali na santre, kwa sababu nilijua kuhesabu na sikuogopa kuvuka mito. Papa Assani akanionyesha kipimo: tone la damu hapa, matone ya maji yake pale, halafu ungoje dakika kumi na tano. Mustari moja, malaria hakuna. Mistari mbili, iko.

"Lakini saa sina, papa."

"Sombe unatwanga?"

"Kila siku."

"Basi. Kinu kimoja, mpaka majani yalainike. Ndiyo dakika zako."

Hivyo wamama walikuja kwangu na mutoto mugongoni, majani ya muhogo kichwani. "Kwa Mama Zaina hata homa inatoka na mboga!" walinicheka. Jamani, ile miaka ilikuwa mitamu. Mutoto aliyeletwa Jumatatu anatetemeka, Ijumaa ananikimbia njiani, anaficha kidole.

Kisha nikahamia Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu. Huko mukubwa wetu alikuwa supervizeri Lukamba. Ninamutaja. Yeye alikuwa na piki, alikuwa na saa. Dawa zilikuwa zimeisha. Akaniletea katoni mpya ya dawa, imefungwa utepe.

"Usifungue. Kesho wageni waliotoa hizi dawa wanakuja na kamera. Waikute nzima."

"Na mugonjwa akija, chef?"

"Mama, siku moja tu! Unataka kuniharibia?"

Mvua ikakata barabara, wageni wakakwama siku tatu. Siku ya pili, mchana, dada yangu akaleta Faida, mutoto wake wa miaka miwili. Tulitwanga pamoja, mimi na yeye. Mistari mbili. Katoni ilikuwa chumbani, nyuma ya pazia. Nikasema dawa zimeisha, akimbilie hospitali. Akaenda kwa miguu katika yale matope. Faida hakufika.

Wageni walipokuja, Lukamba alikata utepe, watu wakapiga makofi. Dada yangu alikuwa amesimama pale.

"Zaina, hii katoni iko kwako tangu lini?"

Mpaka leo hajarudi kutwanga kwangu.

Lukamba alipanda cheo. Siku hizi anafundisha watu uongozi. Mimi miguu imekataa, kazi nimeiacha. Relè wapya wanakuja niwafundishe. Wako na saa kwenye simu, lakini ninawatwangisha tu, nisikie tena ule mulio wa Wamaza. Tukimaliza, ninawapa katoni tupu niliyoifunga utepe mwenyewe, na kisu. Ninasema: fungua.

Anayeuliza kwa ruhusa ya nani, ninamurudisha nyumbani.