Chai Iliyokatisha Maziwa

Nilitoka nyumbani Nakuru asubuhi moja bila mpango, kama kawaida yangu. Shule niliiacha mapema, lakini kuuliza sijawahi kuacha. Na safari hii angalau nilikuwa na swali: ile chai ya pakiti ya njano, yenye picha ya flamingo, ilienda wapi?

Huenda hata wewe uliinywa. Majani yalikuwa meusi kama ya chai yoyote, ila ukifungua pakiti harufu kali, tamu, ilikupanda puani, na pale mtaani kwetu Bondeni hakuna aliyejua ni harufu ya nini. Kila Ijumaa, wanaume wakitoka msikitini, nyanya yangu aliipika turungi, bila tone la maziwa, kama mama yake alivyopika Mombasa. Kazi yangu ilikuwa kupuliza makaa. Malipo yangu, mahamri ya kwanza kutoka kwenye mafuta.

Jirani yetu, mke wa fundi wa reli, kwao ni magharibi, na kwake chai bila maziwa ilikuwa chai ya matanga. Alinusa ya nyanya, akanunua pakiti yake, akaimwaga kwenye sufuria ya maziwa. Maziwa yakakatika, mabonge matupu. Akamfuata muuza maziwa hadi langoni.

"Wewe! Umeniuzia maziwa ya juzi!"

"Mathe, haki ya Mungu, ng'ombe amekamwa leo!"

Akampa mengine. Nayo yakakatika. Ploti yetu nzima ikamhama yule mtu, ikanunua maziwa kwingine. Nyanya alicheka akajishika mbavu. "Nyinyi watu," alisema, "kila kitu lazima mkiogeshe maziwa?"

Siku hizi nyanya hacheki sana. Chakula anaonja tu, chai inapoa mbele yake. Juzi alikisukuma kikombe akasema, "Hii si chai. Ile ya flamingo ningekunywa." Halafu akanitazama. "Wewe si mtu wa kuzunguka? Basi mara hii zungukia kitu cha maana."

Nilianza na maduka ya mjini. Vijana wa kaunta walinicheka: "Boss, hiyo ni ya enzi za mababu!" Niliendelea kuuliza, duka hadi duka, mpaka nikampata mwenye duka mmoja aliyeikumbuka.

"Hiyo ilikufa," alisema. "Watu waliirudisha kila siku, eti imeoza, kumbe wanaipika na maziwa. Mama aliyekuwa akiitengeneza alirudi Kabazi. Muulizie huko, ana vyumba vya kupangisha."

Sikurudi nyumbani hata kuchukua sweta. Nilipanda matatu, nikapitia Subukia, nikashuka Kabazi, nikatembea katikati ya mashamba ya mahindi nikiuliza kila niliyekutana naye, na jua lilipokuwa linashuka nikasimama kwenye lango lake.

"Unatafuta chumba?" aliuliza mama mmoja mwenye ndoo mkononi.

"Natafuta chai ya flamingo."

Aliweka ndoo chini. Alicheka taratibu, kama mtu aliyetajiwa jina la marehemu wake. Harufu ile ilikuwa ya malimau, aliniambia, yaliyokatwa vipande vyembamba, yakaanikwa juani, yakasagwa na karafuu kidogo, yakachanganywa na majani ya chai. "Tuliandika kwenye pakiti isitiwe maziwa. Lakini nani Nakuru anasoma pakiti ya chai?"

"Imebaki hata kidogo?"

"Wapi! Iliisha kitambo. Lakini mlimau wake ndio ule."

Ulikuwa nyuma ya zizi, umezaa. Niliutazama nikawaza yote ambayo hautaweza kurudisha. Ile ploti yetu sasa ni ghorofa. Fundi wa reli na mkewe walihama, sijui wako wapi. Na yule muuza maziwa, hakuna aliyewahi kumwomba msamaha. Sote tuliokunywa ile chai tumetawanyika, tumebaki na harufu tusiyoweza kuieleza. Lakini nyanya bado yupo, na Ijumaa bado zinakuja.

"Malimau yanachukua muda gani kukauka?"

"Jua likikubali, siku chache tu."

Nilitua mkoba wangu chini.

"Basi nipe chumba," nikasema. "Chenye dirisha linalopata jua."