Aliyenimalizia Kuandika

Mwezi uliopita nilishuka Laela kununua mbegu za maharage. Gari la kurudi Sumbawanga lilikuwa bado, nikaona nitembee hadi kijijini, kwenye shule niliyosoma. Ukifuata njia ya mashambani ni kama nusu saa. Nilichungulia darasa la pili dirishani. Watoto walikuwa wanasoma, kila wawili na kitabu chao chenye picha za rangi, na wengine walishamtangulia mwalimu kurasa kadhaa. Mimi si mwepesi wa kusalimia watu, kwa hiyo sikuingia.

Wakati wetu kitabu kilikuwa kimoja, cha mwalimu. Asubuhi aliandika hadithi ubaoni, tukaisoma kwa pamoja mara tatu au nne huku akipitisha fimbo chini ya maneno, kisha tukainakili. Ubao wenyewe tuliupaka sisi. Kila mwanzo wa muhula tulileta betri zilizokufa za redio, tukazivunja kwa mawe, ule unga mweusi wa ndani tukauchanganya na majani ya maboga yaliyopondwa, tukasugua mpaka viganja vikakaa siku mbili bila kutakata. Betri hazikuwa shida. Miaka ile maduka yalikuwa yamejaa tena kila kitu, isipokuwa vitabu vya shule.

Ubao ulikuwa mdogo. Ukijaa wote, mwalimu alifuta upande wa kushoto na kuendelea. Hapo ndipo nilipokwama, maana niliandika polepole mno, hasa miezi ya baridi, upepo ukipita kwenye madirisha matupu na vidole vikawa kama si vyako. Wenzangu waliniita Kinyonga.

"Kinyonga, unafutwa huo!" walisema, na kweli ulikuwa unafutwa. Daftari langu lilijaa hadithi zenye mwanzo tu. Bibi alinifariji kwamba mkono wa polepole haumwagi mboga. Lakini bibi hakuwahi kukaa mbele ya ule ubao.

Kusoma, hata hivyo, nilijua. Kila kipande cha gazeti kilichofungia chumvi au dagaa wa Kasanga nilimsomea bibi jikoni, naye alisikiliza kwa makini hata kama ni nusu ya tangazo.

Jirani yangu wa dawati alikuwa kinyume changu. Alitoka katika familia ya Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao, akaanza shule amechelewa, akawa mrefu kuliko sisi sote. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mwalimu, na mkono wake mwepesi. Ila hakujua kusoma hata neno moja. Alikuwa anachora. Angeweza kunakili ubao mzima, halafu ukamwuliza "mama" ni lipi, akatabasamu.

Tulielewana bila kuelezana sana. Akimaliza la kwake, alivuta daftari langu chini ya dawati. "Lete, Kinyonga," alinong'ona, akanimalizia hadithi, tena kwa herufi zilizopinda kama zangu ili mwalimu asitukamate. Mapumziko tulikaa nyuma ya darasa, upande wa jua, nikamsomea alichokiandika. Yeye alikuja na maziwa mgando kwenye kibuyu kidogo, mimi na viazi vya kuchemsha, tukala pamoja.

Siku moja baba yake alisimama mlangoni na fimbo yake ya kuchungia.

"Shikamoo, mzee," mwalimu akasema.

"Marahaba, mwalimu. Huyu nilimleta ajue kusoma. Siku ya wazazi nitakuja nisikie mwenyewe. Asipojua, anarudi kwenye ng'ombe."

Zilibaki wiki mbili. Nilianza kumfundisha kwa njia ya haki: ba, be, bi, bo, bu. Siku ya tatu akaniuliza, "Hizi tutazimaliza lini?" Basi nikachagua hadithi moja fupi, ya mama aliyeunguza maharage, nikamkaririsha sentensi moja moja. Alikuwa na kichwa kizuri. Siku ya nne alishaijua yote.

Siku ya wazazi ilikuwa mwisho wa muhula, watu wametoka kuvuna, nguo zao bado zinanukia mabua. Kila mtoto alisoma mbele. Zamu yake ilipofika, mwalimu alimfungulia ukurasa wa maharage, akampa kitabu. Akasoma bila kukosea. Sauti ilikuwa yangu, ya chini, yenye lafudhi ya Kifipa, na penye kituo alivuta kamasi kama nilivyovuta mimi kwa mafua ya baridi. Wenzetu wakaanza kucheka. Alipofika katikati akafunua ukurasa, kwa sababu kwenye daftari langu ndipo tulipofunua. Kitabuni hadithi yote ilikuwa ukurasa mmoja. Akaendelea na maharage, huku macho yakiwa kwenye picha ya mbuzi ya hadithi iliyofuata.

"Anasoma maharage kwenye mbuzi!" mmoja akapiga kelele.

Baba yake hakusikia hilo. Alikuwa anapiga makofi. "Mwalimu, asante. Nilitaka ajue kusoma, amejua. Imetosha. Wiki ijayo tunashusha ng'ombe bonde la Rukwa, atanisaidia."

Sisi tulidhani akisoma atabaki.

"Mzee, bado," mwalimu akasema. "Amekariri tu huyu. Mwache hata mwaka mmoja."

"Mwalimu, mimi nina masikio. Kitabu si alikuwa nacho mkononi?"

Mwalimu alinigeukia. Alishajua sauti ile ilitoka wapi. "Wewe, mwambie mzee. Ulimfundishaje?"

Watu wote wakanitazama. Jirani yangu naye akanitazama, na mpaka leo sijui alitaka niseme au ninyamaze. Niliangalia vidole vyangu vya miguu. Mwalimu alisubiri kidogo, kisha akaita mtoto mwingine.

Muhula uliofuata nilikaa peke yangu kwenye dawati, hadithi zangu zikarudi kuwa na mwanzo tu. Darasa la pili nililirudia.

Kambi ya familia ya jirani yangu sasa ni shamba la mahindi. Nilipita hapo nikirudi kituoni, huwezi kujua kama ng'ombe waliwahi kulala pale. Mwalimu alihamishwa zamani. Watoto hawanakili tena hadithi nzima, na sioni sababu ya kusikitika kwa hilo. Ninachofikiria ni kule bondeni. Tangu siku ile kwao alijulikana kuwa ndiye msomaji wa nyumba. Karatasi yoyote ikifika, ya mganga, ya ofisi ya kijiji, ya ndugu wa mbali, wataketi wote wanyamaze, kisha wamkabidhi yeye.