Viazi vya Kuweka Machoni

Niliporudi Kitale kutoka Uarabuni nilikuwa na vitu viwili ambavyo fundi yeyote, kuanzia Kachibora hadi Kamukuywa, hakuwa navyo kwa pamoja: diploma ya kuchomelea vyuma, na helmeti inayojitia giza yenyewe cheche inapowaka. Sisemi kwa kujivuna. Nasema kwa sababu ni kweli.

Aliyenifundisha kushika rodi ya kuchomelea ni kaka yangu mkubwa, mwenye karakana Kamukuywa. Nilitaka awe mshirika wangu Kitale, lakini macho yake yalikuwa yanaharibika. Daktari wa Bungoma alikuwa amemwonya: akiendelea kuyachoma vile, ataiacha kazi.

"Vaa hii," nikamwambia.

Akaigeuzageuza. "Injinia, hiki kioo naona mpaka ng'ambo. Ati kinangoja moto uwake ndiyo kiwe cheusi? Hapo katikati si jicho limeshaungua?"

Swali zuri, na jibu nilikuwa nalo. Kinachofanya jicho liwashe jioni kama limejaa mchanga si mwangaza tunaouona, ni miale tusiyoiona. Kioo cha helmeti ya aina hii, kama ni halali na imepimwa, huizuia miale hiyo wakati wote, hata betri ikizima. Giza lenyewe ni la kupunguza ukali wa mwangaza, nalo huja kabla hujapepesa.

Kioo cheusi cha kawaida nacho kinalinda vizuri, sikumdanganya. Shida ni kwamba ukikishusha huoni kitu kabla ya cheche. Kwa hiyo mafundi wetu, wakitaka kushikiza chuma mahali pake, huacha helmeti juu, hugeuza uso kando, hufumba macho, halafu hugusa chuma kwa rodi. Kaka alifanya hivyo siku nzima. Jioni shemeji alimkatia viazi vibichi vya kuweka machoni, na wote wawili waliona hiyo ni sehemu ya kazi, kama kunawa mikono.

"Diploma haijui chuma, bana," alisema.

"Basi lile geti uliloagizwa na kanisa tulitengeneze pamoja. Wewe bawa lako, mimi langu. Kesho asubuhi tutazamane macho."

"Na yako yakiwa mekundu?"

"Nakuachia diploma, ufungie mandazi."

Tulichomelea kutwa. Waumini walisimama kutazama, nami sikuwanyima cha kutazama. Kila nilipogusa chuma macho yangu yalikuwa wazi, na kila kiungo kilikaa pale pale nilipotaka.

Asubuhi nilimkuta ameketi mlangoni, viazi machoni, machozi yakimtiririka. Nikachukua paketi ya rodi nikamsomea maandishi yote madogo, mpaka ya chini kabisa, bila kukunja jicho. Akabandua kipande kimoja cha kiazi akanichungulia.

"Meupe kama ya mtoto," shemeji akasema, kisha akamgeukia mumewe. "Chukua hiyo kofia, baba. Nimechoka kumenya viazi visivyoliwa."

Macho ya kaka yalipopoa aliivaa. Kwa mazoea alianza kugeuza uso, akajizuia, akatazama mbele, akagusa. Akagusa tena.

"Injinia," akasema kutoka ndani ya helmeti, "kumbe huanza hivi?"

Miaka yote ile alikuwa hajawahi kuuona mwanzo wa cheche yake mwenyewe.

Leo tuko naye Kitale. Helmeti ni mbili, diploma iko ukutani inakoonekana hata ukiwa barabarani, na viazi vya shemeji tunavila na nyama.