Mama Miavuli wa Chini ya Ngazi

Kitabu kidogo wanachogawiwa wageni wakishuka melini kinawaelekeza hivi: tokeni getini, fuateni barabara ya maduka ya vitambaa, piteni benki, piteni soko la samaki mkiwa mmeziba pua, na kwenye jengo la ghorofa lililobabuka rangi mtamkuta Mama Miavuli chini ya ngazi. Picha yake ipo. Kajifunga kitambaa kichwani, mwavuli magotini, koleo mkononi, kanuna. Chini ya picha wameandika kwamba hakuna mwavuli unaomshinda na kwamba ulimi wake ni mkali, kwa hiyo mgeni asijaribu kuomba punguzo.

Kitabu hakisemi kwamba Mama Miavuli amekufa.

Anayekaa chini ya ngazi sasa ni mdogo wake. Ndugu hao walikuwa wawili tu, wakiishi chumba kimoja nyuma ya jengo hilohilo, dirisha likitazama jaa. Dada mtu alikaa nje akinyoosha vyuma na kugombana na wateja. Mdogo mtu alikaa ndani akishona vitambaa vya miavuli hiyohiyo. Dada alisema kwa niaba ya wote wawili, na mdogo akanyamaza kwa niaba ya wote wawili. Wapita njia waliozoea kumwona dada kila siku hawakujua kama kuna mwingine.

Homa ya mapafu ilimchukua dada upesi. Kabla maiti haijatoka ndani, mwenye jengo alifika kutoa rambirambi. Alivua kofia, akakaa ukingoni mwa kitanda kingine, akashusha pumzi ndefu.

"Pole sana, mama. Kazi ya Mungu haina makosa." Akakohoa. "Sasa, kesho kutwa kuna meli."

Mdogo mtu hakumwelewa.

"Nyinyi mnafanana kama shilingi kwa ya pili. Jifunge kile kitambaa chake, kaa pale. Mgeni atajuaje? Wakikuta kiti kitupu watapita moja kwa moja, na maduka yangu yanaishi kwa wageni hao. Na chumba hiki, mama, nilimpa dada yako kwa sababu ya kile kiti. Unanielewa?"

Kufa kufaana, walisema wahenga, lakini hawakusema watu waanze kufaana marehemu hajapoa. Mdogo mtu hakuwa na pengine pa kwenda. Dada akazikwa harakaharaka, makaburini upande wa ukutani, bila tangazo na bila jina juu ya kaburi. Majirani waliambiwa wafunge midomo, wakafunga, maana kila mmoja alikuwa na chake cha kumuuzia mgeni. Wakikutana na mdogo mtu barabarani wanamwita Mama Miavuli, wanapita. Hakuna aliyethubutu kumpa pole mbele za watu. Na yeye hakutaka kingine duniani ila hicho: aseme dada yangu kafa, alie, watu wamsikie.

Badala yake alifundishwa kutukana. Mtembeza wageni, kijana mwenye familia na kofia ya bandarini, alimwinamia sikioni. "Mama, watukane kidogo. Wamekuja kwa hilo." Siku za mwanzo maneno yalimkwama. Mwishowe akamwambia baba mmoja mnene, "Mwavuli wako umechoka kuliko mkeo." Kijana akatafsiri, wageni wakashika mbavu, mke mwenyewe akacheka kupita wote. Jioni mdogo mtu alisugua meno mpaka fizi zikatoa damu.

Basi siku moja ya manyunyu, katika kundi la wageni, akatokea mzee mwenye mkongojo. Alishika kitabu, kakifungua kwenye ile picha. Mdogo mtu alimtambua kabla hajafungua kinywa, kwa lile sikio lake lililokunjika. Alikuwa shemeji yake.

Huyo ndiye aliyemwoa dada zamani, dada alipokuwa fundi cherehani mwenye wateja hadi mlangoni. Dada akiwa amelazwa, mimba ikiharibika, mume aliuza cherehani, akapata nauli, akapanda meli. Dada alirudi kutoka hospitali ameegemea bega la mdogo wake, wakakuta sakafuni alama nne za miguu ya cherehani katikati ya vumbi. Tangu hapo akashika miavuli ya watu, maana haihitaji mashine. Jina la mume hakulitaja tena, si kwa kumlaani wala kwa kumkumbuka.

"Mke wangu," mzee akasema.

Neno shemeji lilifika kwenye meno ya mdogo mtu, akalimeza. Mwenye jengo alikuwa amesimama mlangoni mwa duka.

"Nilikuona kitabuni. Nikasema ni yeye. Hujabadilika."

Mwanamume kalala na mke kitanda kimoja, na bado hamjui. Mdogo mtu alimchukia kwa hilo kuliko hata kwa cherehani.

"Naumwa," mzee akaendelea. "Madaktari wamenyoosha mikono. Sikuja kuomba kitu. Niambie tu umenisamehe, nikafe."

Mtembeza wageni alikuwa ameshaanza kutafsiri, na simu zote zilikuwa juu zikipiga picha. Mwenye jengo akasogea. "Mama, yaliyopita si ndwele. Msamehe mzee wa watu."

Angemsamehe vipi? Msamaha haukuwa wake. Mwenyewe alikuwa chini ya udongo, na katika miaka yote ile hakusema kama amesamehe au hajasamehe. Mdogo mtu akashika koleo, akakaza kifundo kilichokuwa kimekazwa tayari.

Mzee akatazama huku na huku. "Na mdogo wako yuko wapi? Yule mpole, asiyesema?"

"Alikufa."

Lilimtoka lenyewe. Kijana wa kofia akaacha kutafsiri. Mwenye jengo akatazama viatu vyake.

"Lo. Pole," mzee akasema. "Pole sana, mke wangu. Alikuwa mtu mwema yule. Aliugua?"

"Mapafu."

"Mlikuwa wawili tu. Sasa umebaki peke yako."

Mzee akaweka mkongojo chini, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yakamtoka. Hapo mdogo mtu akalia. Alilia kwa sauti, barabara nzima ikisikia, kilio kilichokuwa kimemlalia kifuani tangu mazishi. Alimlilia dada yake mikononi mwa mtu aliyemharibia dada yake maisha, kwa kuwa hakuna mwingine aliyempa pole mbele za watu. Na mzee alipomuuliza tena, "Umenisamehe?" akatikisa kichwa kukubali, kisha akasema kwa mdomo wake, "Nimekusamehe."

Mzee akaondoka na meli yake, mwepesi. Mdogo mtu alibaki na mkono ule kama mkono wa mwizi. Alikuwa ametoa mali ya marehemu kununulia pole. Alijaribu kwenda makaburini akaombe radhi. Akafika getini, akageuka.

Kitabu kilipochapishwa upya, waliongeza maneno chini ya picha: hapa ndipo Mama Miavuli alipomsamehe mume aliyemkimbia. Wageni wakazidi. Sasa hawataki matusi tu, wanataka na msamaha. Kila meli ikitia nanga, kijana anawasimulia kisa, na mdogo mtu anapaswa kuitikia kwa kichwa pale kinapofikia msamaha.

Juzi mama mmoja wa makamo, mwenye macho ya huruma, alichuchumaa mbele yake, akauliza kupitia kwa kijana: je, moyoni mwako ulimsamehe kweli?

Mdogo mtu akamtazama. Alikuwa amechoka, na mama yule alikuwa ameuliza vizuri.

"Mwambie akamuulize mwenyewe," akasema. "Yuko makaburini, upande wa ukutani. Mimi ni mdogo wake."

Kijana alisita. Akamtupia jicho mwenye jengo, kisha akavua kofia, akatafsiri vilevile, bila kuongeza wala kupunguza.

Wageni wakaangua kicheko. Kitabu kilikuwa kimewaambia kuhusu ulimi wake. Mmoja aliyechelewa kuwasha simu akaomba arudie, apate kumrekodi. Mdogo mtu akarudia, neno kwa neno, na mara hii walicheka zaidi.