Gari Lililokataa Kwenda Kalengera

Jumamosi ile, siku nisiyofundisha shuleni, nilipanga kutoka Goma mapema asubuhi, niende Kalengera kuchukua maharagwe ambayo shangazi yangu alikuwa ameniwekea tangu mavuno. Gari nilikuwa nalo kwa wiki tano tu. Lilikuwa la petroli, kuukuu, usukani upande wa kulia, na nililinunua kwa mfanyabiashara mmoja aliyecheka sana siku ya kuniuzia. Kicheko chake sikukipenda. Tangu hapo kila mlio wa gari lile ulinishtua, nikajiuliza amenificha nini.

Niliingia, nikazungusha ufunguo. Taa zikawaka. Injini ilizunguka vizuri, kwa nguvu, lakini haikushika. Nikajaribu tena na tena. Mara ya nne nikaacha, nikiogopa kumaliza betri.

Wa kwanza kumfikiria alikuwa kadhafi wa kona yetu. Sisi huku ndivyo tunavyowaita wanaouza petroli ya bidoni kando ya barabara. Jana yake jioni alinijazia wakati naongea na simu, wala sikutazama alichomimina. Nikasema moyoni, huyu amenitilia maji. Kisha nikamkumbuka mpangaji wa chumba cha nyuma. Wiki ile tulikuwa tumegombana kwa sababu gari langu lilizuia pikipiki yake kutoka, na asubuhi hiyo hakunisalimia. Halafu nikakirudia kile kicheko cha mfanyabiashara. Chai haijachemka, tayari nilikuwa nimewashitaki watu watatu.

Aliyekuwa anaichemsha chai hiyo ni mama yangu, ambaye anaishi kwetu. Ni mtu wa Butembo, mjane wa dereva wa malori. Kwa miaka mingi alisafiri kwenye kabini kando ya baba, akiuza vitunguu kila walikosimama. Siku mbili kabla, alirudi kutoka misa ya asubuhi akaniambia kwamba barabara ya Kalengera, ile ya kupita Kibati, haikuwa salama, wanawake wenzake walikuwa wamesikia mambo. Nilicheka, nikamjibu, "Mama, hayo ni maneno ya wamama wa misa." 

Sasa alichungulia kwenye mlango wa jiko.

"Imekataa?"

"Imekataa, mama."

"Basi kuya kunywa chai."

Sikunywa. Nilimpigia simu fundi. Tulikua naye mtaa mmoja; wazazi wake walitoka Maniema, na mimi na yeye tulicheza mpira pamoja tukiwa wadogo. Alifika na mfuko wake wa vifaa begani, akanisalimia, akaniomba nizungushe ufunguo mara moja tu. Akasikiliza.

"Betri iko muzuri," alisema. "Tutafute moto kwanza, kisha petroli."

Aliinua kapo, kile kifuniko cha injini, akafungua buji moja, ile plagi ya cheche, akaigusisha kwenye chuma cha injini, akaniambia nizungushe tena. Cheche ya bluu ikaruka. Moto ulikuwepo. Akalegeza mpira unaoleta petroli kwenye injini, akaweka kopo chini yake. Nilipozungusha, kopo lilibaki kavu kabisa.

"Ni yule kadhafi," nilisema. "Ametia maji."

"Maji nayo yangetoka, mwalimu. Hapa hakutoki kitu." Akainama kwenye kiti cha nyuma, akabandika sikio. "Fungua kontakti, usiwashe." Nikazungusha ufunguo hatua moja tu, taa zikawaka. "Unasikia?"

"Sisikii kitu."

"Ndiyo shida yenyewe. Pampu iko hapa chini, kwenye tangi. Ukifungua kontakti inapaswa kulia kidogo, kama nyuki. Leo imenyamaza."

Akarudi mbele, akafungua kisanduku cha fizibo, yaani fyuzi za gari, karibu na betri. Alizichomoa moja moja, akazitazama kwenye mwanga, akazirudisha. Zote nzima. Kisha akatulia, kidole chake kikiwa juu ya tundu moja tupu.

"Hapa kulikuwa rele. Ile nyeusi, ndogo kama kiberiti, inayopelekea pampu umeme. Haikuanguka yenyewe. Kuna mutu ameitoa."

Kadhafi, mpangaji na mfanyabiashara, wote nikawasahau kwa mara moja. Jumatano, fundi huyu ndiye aliyebadilisha mafuta ya injini hapa hapa uani, na mimi nilimwacha peke yake karibu saa nzima.

"Tangu Jumatano," nilimwambia, "hakuna mtu aliyefungua kapo hii isipokuwa wewe."

Alinyanyua macho taratibu. "Na Alhamisi na Ijumaa uliendaje kazini?"

Nilikwenda na gari. Nilijua nilikwenda na gari, lakini mdomo wangu ulikuwa umekwisha kutangulia. "Mafundi mna njia zenu," nikasema.

Mpangaji wa nyuma alikuwa ametoka, mswaki mdomoni, anasikia yote. Fundi alikata kipande cha waya, akakimenya ncha mbili, akakipachika kwenye lile tundu tupu. Nyuma ya gari nikasikia mlio mwembamba, kama nyuki kweli. "Washa," alisema, bila kunitazama.

Injini ikashika mara ya kwanza.

Nilifunga mlango, nikaingiza gia, na hapo mama akatoka jikoni akaja kusimama mbele ya gari, karibu kabisa, magoti yakigusa bampa.

"Zima."

"Mama, nitachelewa."

"Nimesema zima motere."

Nikazima. Akafungua fundo la kitenge chake kiunoni, akatoa kitu kidogo cheusi, akampa fundi. Mimi hakunipa.

"Ni mimi nimeitoa jana jioni," alisema. "Marehemu alikuwa anaitoa kila akilala njiani, ili lori lisiibiwe. Nilimuona mara nyingi." Kisha akanigeukia. "Nilikuambia kwa mdomo, ukacheka. Unisamehe, lakini sikujua njia ingine."

Mpangaji alitema povu, akarudi chumbani. Fundi aliirudisha rele mahali pake, akakusanya vifaa.

"Mama, ungeniambia mimi," alisema kwa upole.

"Wewe ungemwambia yeye."

Fundi alimtabasamia mama, akaondoka. Mimi hakuniaga.

Siku ile sikwenda. Nilikaa na hasira hadi mchana, na kwa kweli sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa aibu. Shangazi alipopiga simu aliniambia magari yalipita salama tangu asubuhi. Nilimpa mama habari hiyo kwa ukali kidogo. Alijibu tu, "Tumushukuru Mungu," akaendelea kuchambua mchele. Maharagwe yalikuja wiki iliyofuata juu ya lori la watu.

Jumatatu nilikwenda kwa fundi. Alikuwa amelala chini ya gari la mtu mwingine, miguu tu inaonekana, nikaiambia ile miguu kwamba nilikosa na naomba msamaha. "Nimesikia, mwalimu," alisema. Akaendelea kukaza nati.

Bado ananitengenezea gari. Lakini siku hizi hafungui kapo mpaka nisimame kando yake, na kila kipuri cha zamani anachokitoa, hata buji iliyoungua, ananiwekea mkononi akisema, "Shika, uone mwenyewe."