Dakika Sawa kwa Kila Mtu

Bi Rawya Thuwein ana miaka arobaini na tisa, na kumi na saba kati ya hiyo ameitumia kupima damu katika kituo kidogo cha afya upande wa Wete. Kila anayefika pale, awe mja mzito au mwenye kikohozi, huulizwa kama yu radhi kupimwa pia virusi vya UKIMWI. Wengi hukubali. Huchomwa kidole, kisha hukaa kwenye benchi la barazani hadi waitwe chumbani, mmoja mmoja, wapewe majibu.

Kwa miaka mingi aliamini kuwa siri za watu ziko salama. Daftari hulifungia kabatini na ufunguo hutembea nao. Mlango ni mzito, sauti haipiti. Hakujua kwamba benchi nalo lina namna yake ya kusoma.

Aliijua mwaka juzi, alipokuja kupimwa Laila, binti wa Mwanakhamis, ambaye alikuwa ameshaposwa. Laila hakukutwa na virusi na aliambiwa hivyo mara moja, lakini akaona afadhali aulizie na tumbo linalomkata kila mwezi. Mazungumzo yakawa marefu. Alipotoka zilikuwa zimepita dakika arobaini, na wenziwe wote walikaa mbili, tatu.

Posa ilirudishwa kabla ya Ijumaa.

Mwanakhamis alifika kituoni buibui limemwenda upande. "Bi Rawya, wanasema mwanangu kakaa sana ndani. Eti anayekaa sana ndiye. Toka uwaambie neno moja tu."

"Siwezi, dada'angu."

"Huwezi? Kwani si mzima?"

"Hata hilo siwezi kukujibu. Karatasi anayo mwenyewe, akitaka ataionesha."

"Hataki! Anasema mume wa kuoneshwa karatasi hana haja naye."

"Basi na mimi sina la kusema. Nikiwajibu leo juu ya Laila, kesho wataniuliza mwengine. Siku nitakayonyamaza, kule kunyamaza ndiko kutakuwa jibu."

Mwanakhamis alilivuta buibui lake. "Una roho ngumu wewe," akasema, akaondoka.

Asubuhi iliyofuata Bi Rawya alikaa yeye kwenye benchi, kabla watu hawajafika. Kutokea pale mlango wake ulionekana wote, na juu yake saa ya ukutani. Aliinuka, akaandika karatasi na kuibandika mlangoni: kila mtu atakaa ndani dakika kumi na tano, asizidishe wala asipunguze.

Watu hawakupenda. Silima, mkulima wa Gando, alipewa majibu yake akasimama.

"Kaa, Silima. Bado kumi na tatu."

"Si ushanambia sina kitu?"

"Nimekwambia. Sasa kaa."

"Tufanye nini humu, bibi? Mke wangu akisikia nimejifungia na wewe robo saa, virusi vitakuwa afadhali."

"Mwambie naye aje, nitajifungia naye robo saa. Haya, muhogo wako umeotaje?"

Akajifunza hivyo habari za mihogo, za karafuu, za wajukuu walioko Unguja. Hafiz, msimamizi wake, alikuwa akitaka watu arobaini kwa siku, Bi Rawya akawa anapeleka hesabu ya kumi na tano, kumi na sita. Alipoulizwa sababu alijibu kuwa watu wakiogopa benchi hatapata hata hao.

Mwaka huu, Jumanne moja, aliingia mama ambaye hapa hatajwi jina wala kijiji. Alikuwa wa tatu kwenye foleni. Kipimo cha kwanza kilionesha virusi, na cha pili kikasema vile vile. Bi Rawya alimwambia taratibu, akamweleza habari za dawa, kwamba akizinywa vizuri ataishi na watoto wake atawalea. Mama alisikiliza yote hayo bila kupepesa macho. Baadaye akajifunika uso kwa mtandio na mabega yakaanza kumtikisika.

Dakika kumi na tano zikatimia. Nje mtu alikohoa kwa makusudi.

"Wananingoja," mama akasema, akajaribu kuinuka. Machozi bado yalikuwa yakimtoka.

"Kaa, mwanangu."

"Watajua. Si utaratibu wako ni robo saa? Watajua, Bi Rawya!"

Bi Rawya aliufungua mlango kidogo, akatoa kichwa tu. "Jamani, kuanzia sasa kila mtu atakaa zaidi. Mwenye haraka aje kesho." Akafunga.

Mama alikaa mpaka pumzi ikamrudia. Alinawa uso kwenye beseni, akajifuta, akauweka mtandio wake sawa. Alitoka baada ya dakika thelathini na tano, akawapa salamu waliokuwepo, akenda zake.

Aliyefuata ni Jecha. Hakuwa na kitu, na aliambiwa mwanzo kabisa, lakini alitoka baada ya dakika thelathini na tano. Hali kadhalika Asma, na mumewe, na wengine wote. Benchi likasahau nani alianza kukaa sana, likabaki kumsema mwenye chumba.

"Leo Bi Rawya kashikwa na maneno."

"Kanihoji mpaka habari za kuku!"

Wa mwisho alikuwa Mzee Duni, na adhana ya alasiri ilimkuta ndani. Alitoka akifoka. "Mtu mzima, na umbea umekujaa!"

"Umenijaa, ami. Wasalimie nyumbani."

Alipobaki peke yake aliibandua karatasi ya mlangoni. Robo saa iliwatosha wasiokuwa na kitu. Aliyekuwa nacho ingemtupa nje akiwa bado analia. Akaandika nyingine: dakika thelathini na tano kwa kila mtu, na kituo kitapima Jumamosi pia.

Hafiz alipiga simu kuuliza hiyo Jumamosi nani ataikaa.

"Mimi," alisema Bi Rawya.